Ukiachishwa kazi ukiwa mgonjwa, usitie saini haraka

Ukurasa huu kwa kawaida huzungumza juu ya malaria, uzazi salama, lishe ya watoto na maradhi ya kuambukiza. Mwezi huu naomba mniruhusu nizungumze juu ya karatasi. Najua wapo watakaosema kwamba karatasi si jambo la afya. Mimi nimefanya kazi ya uuguzi hapa Pemba kwa miaka mingi hadi kustaafu, na nimewaona watu walioushinda ugonjwa wakashindwa na karatasi. Nimewaona na wengine ambao ugonjwa uliwashinda kwa sababu karatasi ilikosekana.

Miaka michache iliyopita walikaa mbele yangu, katika mwezi mmoja na juu ya benchi moja, vijana wawili wa kijiji kimoja cha Wilaya ya Micheweni. Baba zao ni ndugu. Majina yao sitayataja. Wote wawili walikuwa wamekonda, walikohoa kwa zaidi ya wiki mbili na kutoka jasho jingi usiku, na makohozi yao yalipopimwa yalionyesha kifua kikuu. Mmoja alikuwa mpishi msaidizi katika hoteli moja Unguja. Mwenzake alikuwa fundi umeme mwenye cheti, ameajiriwa na kampuni moja Dar es Salaam. Na wote wawili walikuwa wameshapoteza kazi kabla hata ya kujua wanaumwa nini.

Yule mpishi aliambiwa aende nyumbani mpaka apone, maana wageni hawapendi kusikia mtu anakohoa jikoni. Akaondoka kwa boti, akashuka Mkoani, na tangu siku ile simu yake haikupokelewa tena. Hakupewa barua. Fundi umeme yeye alipewa barua, ila aliambiwa aiandike mwenyewe. Aliitwa ofisini kwa upole, akawekewa soda, akaambiwa: "Sisi tunataka kukusaidia. Andika kwamba unaacha kazi kwa hiari yako kwa sababu ya afya, ili haki zako zitoke upesi." Akaandika, akatia saini, akapewa mshahara wa mwezi mmoja na nauli. Alishukuru. Aliponisimulia habari hii alikuwa bado anamsifu bwana yule kwa utu wake.

Kwanza nizungumze kidogo juu ya ugonjwa wenyewe, maana hofu ndiyo iliyowafukuzisha kazi. Kifua kikuu kinatibika. Dawa zake hutolewa bure katika vituo vya serikali, Bara na Visiwani, na kwa mgonjwa wa kawaida matibabu ni miezi sita. Mgonjwa akianza dawa zinazomfaa na kuzimeza ipasavyo, kwa kawaida baada ya wiki chache hawezi tena kuwaambukiza wenzake. Kwa hiyo mwajiri anayemfukuza mtu moja kwa moja kwa sababu ya kifua kikuu anafanya kama mtu anayebomoa nyumba kwa sababu paa linavuja. Kinachotakiwa ni mgonjwa apumzike kwa muda, anywe dawa, kisha arudi kazini na cheti cha daktari.

Mwezi wa pili wa matibabu yule mpishi hakuja kuchukua dawa. Nikamfuata nyumbani. Nilimkuta amekaa barazani, hana homa, wala hanikwepi, ila amechoka. Nilipomgombeza kama mama anavyomgombeza mwanawe, alinijibu neno ambalo sijalisahau: "Dawa zenu bure, dokta, lakini wali si bure." Vidonge vile juu ya tumbo tupu vilimtapisha. Nauli ya kuja kituoni ilikuwa ni unga wa watoto wa siku nzima. Nikamwuliza kama ameidai ile hoteli mshahara wake wa siku za mwisho na siku za likizo alizokuwa hajazichukua. Akanitazama kama nimemtukana. "Mie siendi kuomba," alisema.

Ndugu msomaji, hapo ndipo ugonjwa wetu wa pili ulipo, na sisi wa Pemba tunaujua sana. Mtu wetu akipoteza kazi hurudi kimya kimya. Huwaambia jirani kwamba amekuja kupumzika. Kudai anakuhesabu kuwa ni kuomba, na kuomba ni aibu. Lakini hebu tujiulize. Mtu akikuchumia karafuu pishi kumi, nawe ukamlipa nane, je, ataona haya? Atakufuata mpaka mlangoni pako, tena mbele ya watu, na hakuna atakayemwita ombaomba. Siku za likizo ambazo hukuzichukua ni pishi zako. Mshahara wa notisi ni pishi zako. Michango iliyokatwa kila mwezi katika mshahara wako ikapelekwa kwenye mfuko ni pishi ulizokwisha kuzichuma wewe mwenyewe, ukazitia katika kanda la mtu mwingine akuhifadhie. Hakuna sadaka hapo.

Sasa tuje kwenye jambo linalowachanganya wengi, nalo ni bahari iliyo baina ya sheria mbili. Mambo ya kazi si mambo ya Muungano. Redio ya Dar es Salaam inapotangaza haki za mfanyakazi, mara nyingi inazungumzia sheria ya Tanzania Bara, na sisi huku tunaisikia tukidhani ni yetu. Anayefanya kazi Pemba au Unguja yuko chini ya Sheria ya Ajira ya Zanzibar, Namba 11 ya mwaka 2005, na mfuko wake ni ZSSF, uliotokana na sheria ya mwaka 1998. Anayefanya kazi Tanga, Dar es Salaam au Arusha, hata kama amezaliwa Konde, yuko chini ya sheria ya Bara, na kama ameajiriwa na kampuni binafsi mfuko wake ni NSSF. Vijana wangu wawili waliumwa ugonjwa mmoja, lakini sheria zao zilikuwa mbili na ofisi zao zilikuwa mbili. Wangefuatana kwenda ofisi moja, mmoja wao angekuwa amepoteza nauli.

Nianze na fundi umeme. Kwa sheria ya Bara ya mwaka 2004, mfanyakazi anayeugua ana siku 126 za likizo ya ugonjwa katika kila mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo hulipwa mshahara kamili, na siku 63 zinazofuata hulipwa nusu mshahara, mradi awe na cheti cha daktari. Hesabu hizo siku mwenyewe: ni zaidi ya miezi minne. Katika miezi minne mgonjwa wa kifua kikuu asiye na matatizo mengine huwa amekwisha kupata nguvu, na wengi huwa wamerudi kazini zamani. Yaani kijana huyu hakuwa na haja ya kuacha kazi hata kidogo.

Tena tangu mabadiliko ya sheria za hifadhi ya jamii ya mwaka 2018, Bara wana fao la kukosa ajira. Mwanachama aliyechangia kwa miezi isiyopungua 18, akiachishwa kazi, akawa hajapata kazi nyingine wala hajafikia umri wa kustaafu, hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa muda wa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hupewa kwa mkupuo nusu ya michango yake mwenyewe. Masharti hayafanani kwa kila aina ya kazi, kwa hiyo ni lazima kuuliza. Kwa mtu aliyekuwa akipata shilingi 600,000, fao hilo ni karibu shilingi 200,000 kwa mwezi. Si utajiri, lakini angalieni: ni miezi sita, na dawa za kifua kikuu ni miezi sita. Fedha hiyo ingemlisha mgonjwa kuanzia kidonge cha kwanza mpaka cha mwisho.

Ila fao hilo halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake.

Sasa mmeona ile soda ilikuwa na bei gani. Barua aliyoiandika kijana kwa mkono wake, kwa maneno ya shukurani, ilimfungia mlango wa fao. Ilimpunguzia pia nguvu ya kusema kwamba aliachishwa kazi isivyo haki, kwa sababu ameandika kwamba hakuachishwa. Labda bwana yule hakukusudia ubaya. Wako wasimamizi ambao nao hawaijui sheria. Lakini mgonjwa hali nia ya msimamizi. Kwa hiyo nasema, na ningependa vijana wote wanaopanda boti pale Mkoani na Wete wakienda kutafuta kazi waondoke na neno hili mfukoni: mkiitwa ofisini mkiwa wagonjwa na kuambiwa muandike barua ya kuacha kazi, msiandike siku hiyo. Semeni, "Naomba niende kushauriana na jamaa zangu." Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kutia saini siku ile ile. Kama wanataka kukuachisha, waandike wao, waeleze sababu, waweke tarehe.

Tarehe ina kazi yake. Bara, anayelalamika kwamba ameachishwa kazi isivyo haki anatakiwa kufikisha shauri lake katika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30. Mtu wetu hutumia siku kumi kulala, siku kumi kwa waganga wa kienyeji, siku kumi kumngojea mjomba aje kutoa ushauri. Akija kuamka, muda umekwisha. Fundi wetu alifika siku ya 41. Kilichomwokoa ni kadi yake ya kifua kikuu. Aliomba aongezewe muda, na kadi ile yenye tarehe za kuchukua dawa ilionyesha alikuwa wapi katika siku zile zote. Hatimaye kampuni ilikubali kuyamaliza kwa mapatano, ikaandika barua ya kumwachisha kazi badala ya ile ya kwake. Ilichukua muda mrefu, na mzee wake aliuza ng'ombe mmoja kwa ajili ya nauli. Lakini ilikuwa.

Nisije nikaonekana nawalaumu waajiri peke yao. Naungama na la kwangu. Tulipokuwa kazini tuliandika zile karatasi za mapumziko ya ugonjwa, ambazo wafanyakazi huziita ED, kama mtu anavyoandika orodha ya kwenda sokoni. "Homa. Apumzike." Basi. Hakuna tarehe ya kuanza, hakuna ya kumaliza, jina moja tu la mgonjwa, na mhuri uliofifia. Ilikuwa foleni ndefu, na kina mama na watoto wao wanalia nje, nasi tukadhani kazi yetu ni dawa na karatasi ni usumbufu. Yule mpishi alikuwa na ED mbili za namna hiyo kutoka mahali alipoanzia kutibiwa. Alipokuja kuzitoa ofisini, aliulizwa swali la haki kabisa: siku hizi ni zipi? Hakukuwa na jibu. Wauguzi na matabibu wenzangu mlio kazini hivi leo, iwe Abdalla Mzee, Wete, Chake Chake au katika kituo kidogo cha shamba, dakika mbili za kuandika majina matatu, ugonjwa, tarehe mbili na saini inayosomeka ni sehemu ya matibabu. Mgonjwa akiwa na haya ya kuomba iandikwe upya, mwandikieni bila kuombwa.

Nawe mgonjwa usiogope kuisoma karatasi ukiwa bado uko mbele ya daktari. Ikiwa jina limekosewa, sema hapo hapo. Jambo la majina hapa kwetu ni balaa. Kitambulisho cha Mzanzibari kinasema Khamis, mkataba wa kazi unasema Hamisi, mfuko umemwandika Hamis, na cheti cha kuzaliwa kina jina la utani alilopewa na bibi yake. Nyumbani wote wanajua ni mtu mmoja. Ofisini ni watu wanne, na kila mmoja anadai kwa upande wake. Mjane akija kudai mafao ya marehemu mumewe, ndipo herufi moja humfanya apande gari mara sita kwenda Chake Chake. Majina hurekebishwa kwa urahisi mtu akiwa mzima na yuko kazini. Akiwa hoi kitandani, ni kazi nyingine.

Narudi kwa mpishi. Yeye alikuwa chini ya sheria ya Zanzibar. Nilimshauri asianze na ZSSF bali aanze na ofisi ya kazi hapa hapa Pemba, kwa sababu deni lake la kwanza lilikuwa kwa mwajiri: mshahara wa siku alizofanya, siku za likizo, na notisi ambayo hakupewa. Hakuwa na barua ya kuachishwa. Lakini alikuwa na mkataba uliochakaa, sare yenye nembo, karatasi tatu za mshahara, na ujumbe wa simu alioandikiwa na msimamizi kwamba akae nyumbani. Ujumbe ule aliuhifadhi bila kujua thamani yake. Msifute ujumbe wa namna hiyo. Baada ya miezi minane alilipwa siku za likizo na notisi. Matibabu yake, ambayo yangekuwa ya miezi sita, yalianza upya kwa sababu ya ule muda alioacha dawa. Anayedhani kwamba fedha na afya ni mambo mawili mbalimbali na aihesabu hiyo miezi.

Kisha akaenda ZSSF Chake Chake kuuliza taarifa ya michango yake. Hapo likazuka jambo jingine. Alifanya kazi miaka minne, na kila mwezi mshahara wake ulikatwa. Katika taarifa ilionekana miaka miwili tu. Fedha imekatwa kwa mfanyakazi, haikufika kwenye mfuko. Jambo hili halitokei Zanzibar pekee, lakini linaumiza zaidi mahali ambapo wafanyakazi hawana desturi ya kuuliza. Mfuko hauwezi kukulipa mafao ya ulemavu wala ya uzazi, wala kuwalipa warithi wako, kwa michango usioiona. Omba taarifa yako kila mwaka, ukiwa bado una nguvu na bado uko kazini, na ukiona pengo, sema. Na mkifika pale ulizeni kwa maneno yenu: "Mimi nimeachishwa kazi kwa ugonjwa, nina miezi mingapi, nina haki gani leo, na nini nikirudi kuchangia baadaye?" Msikubali kujibiwa kwa mfano wa NSSF, wala msidai kwa mfano wa NSSF. Ulizeni la kwenu. Wenye kadi ya Mfuko wa Huduma za Afya Zanzibar, ulioanza kazi mwaka 2023, waulize pia kadi inakuwaje baada ya ajira kukoma, hasa mwenye presha au sukari ambaye hawezi kukaa wiki bila dawa.

Hapa lazima niwataje na watu wa presha, maana niliwaona wengi mwaka 2020. Machi ya mwaka ule, ugonjwa wa UVIKO ulipozuia wageni, hoteli zilifunga milango na vijana wa Pemba wakarudi kwa mamia na mabegi yao. Wengi waliambiwa ni likizo bila malipo, si kuachishwa, kwa hiyo hata kudai hawakujua wadai nini. Katika miezi ile nilipima presha za watu wa miaka thelathini ambazo nilikuwa nimezoea kuziona kwa wazee. Hawalali, hawali, wanakaa barazani mpaka usiku wa manane. Mtu aliyepoteza kazi asiachwe peke yake, na akisema kichwa kinamgonga kila siku, apimwe.

Haya yote niliyosema yanamhusu mwenye mwajiri. Lakini tuangalie kijijini: wenye mwajiri ni wangapi? Wetu walio wengi ni wavuvi, wakulima wa muhogo, kina mama wa mwani, na wachumaji wa karafuu. Mchumaji hana mkataba. Analipwa kwa pishi. Akianguka kutoka juu ya mkarafuu, akavunjika uti wa mgongo, amepoteza kazi, afya na mshahara kwa sekunde moja, wala hakuna bwana wa kumwandikia barua. (Na hapa kama muuguzi siwezi kupita bila kusema: aliyeanguka asinyanyuliwe kwa mikono na miguu kama gunia. Alazwe juu ya ubao au mlango ulionyooka, shingo na mgongo visipinde, ndipo abebwe. Wapo waliopooza njiani, si mtini.)

Hata hivyo Zanzibar imeonyesha kwamba mtu asiye na mwajiri anaweza kusaidiwa. Shirika la ZSTC, ambalo ndilo hununua karafuu zetu, limekuwa likitoa fidia kwa wanaoanguka mikarafuu, kupitia Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu. Wengi shamba hawalijui hili, au wanalijua wakiwa wamechelewa. Anayeanguka apelekwe hospitali siku ile ile, si kwa mkanda mifupa kwanza, na sheha aarifiwe siku ile ile, ili karatasi ya hospitali na barua ya sheha ziwe na tarehe moja. Anayekwenda hospitali baada ya wiki tatu, uvimbe umeshapungua, nani ataamini kwamba alianguka?

Mfano wa pili ni pensheni jamii. Tangu mwaka 2016 kila mzee wa Zanzibar aliyetimiza miaka 70 hulipwa na serikali, awe alichangia mfuko au hakuchangia. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na mwaka 2023 ikapandishwa kuwa shilingi 50,000. Wakati inaanzishwa walikuwapo waliosema haiwezekani, nchi ni maskini. Imewezekana. Nimewaona bibi zetu wakinunua dawa za macho kwa fedha hiyo, na kuwalisha wajukuu.

Basi maoni yangu ni haya. Kama tumeweza kumpa mzee kwa sababu ni mzee, na kumpa mchumaji kwa sababu ameanguka, tunaweza pia kumpa mgonjwa wa kifua kikuu chakula na nauli kwa miezi yake sita, awe ni mvuvi au mpishi, bila kumwuliza alichangia nini. Wagonjwa hao wanajulikana kwa hesabu, wameandikwa katika daftari la kila kituo, na tarehe yao ya kuanza na ya kumaliza inajulikana. Hakuna msaada ulio rahisi kuupanga kuliko huo. Tena ni wa kujilinda sisi wenyewe, maana anayeacha dawa katikati huja kuugua ugonjwa uliozoea dawa, nao ni mgumu na wa gharama kubwa, na anaukohoa katika daladala hiyo hiyo tunayopanda sote. Mpango wa hiari wa ZSSF kwa wasio na ajira rasmi ni mzuri, na wenye kipato cha msimu wafikirie kuweka kidogo wakati karafuu zimeuzwa. Lakini mpango wa hiari unamfaa aliye na cha kuweka. Mama wa mwani ambaye bei imeshuka, utamwambia aweke nini?

Na ofisi zenyewe zikumbuke kwamba zinahudumia wagonjwa. Nimemwona mtu anayetema damu akiambiwa arudi Jumatatu kwa sababu mwenye mhuri hayupo. Sitasema ni ofisi gani. Mhuri mmoja zaidi ungegharimu kiasi gani?

Nimeulizwa na wasomaji waweke nini nyumbani. Mkataba, karatasi za mshahara, taarifa ya michango, kila ED, kadi ya kliniki, cheti cha ndoa na vya watoto. Vitieni katika mfuko wa nailoni, mbali na panya na mvua, na mtu mmoja zaidi nyumbani ajue vilipo. Mwenye simu avipige picha amtumie ndugu yake.

Fundi umeme alimaliza dawa zake, akalipwa fao lake, na sasa yuko Tanga kazini. Mpishi hakurudi hotelini. Msimu uliopita nilipita kijijini kwao, nikasikia mtu ananiita, nikatafuta huku na huku, kumbe yuko juu ya mkarafuu, amejifunga kamba kiunoni kama nilivyomwambia. Kifua chake ni kizima kabisa. Nikamwuliza kama ile miaka miwili ya michango imeonekana.

"Bado, dokta," alijibu kutoka juu. "Jumatano naenda tena. Karatasi zote ziko nyumbani, mama anazijua zilipo."